Jiwe Lenye Vyumba

Mwaka 1756 Mswidi Axel Cronstedt alikichoma kipande cha madini, kikatoa mvuke kama sufuria iliyo jikoni. Akayaita madini hayo zeoliti, yaani jiwe linalochemka kwa Kigiriki. Kumbe kilichochemka si jiwe, bali maji yaliyojificha ndani yake.

Zeoliti ni ukoo mkubwa. Mmoja wao, filipsiti, tunaye Olduvai, Tanzania. Zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita palikuwa na ziwa la magadi pale. Majivu ya volkano, ambayo kwa hakika ni vumbi la kioo, yaliangukia humo, maji yale makali yakayala, na mabaki yake yakajijenga upya kuwa fuwele. Mjiolojia Richard Hay, ambaye kitabu chake kuhusu Olduvai kilitoka mwaka 1976, alizisoma zeoliti hizo kama alama za mahali maji yalipokuwa na chumvi kali.

Filipsiti ni jiwe jepesi kuliko mchanga wa kawaida wa kwatsi, na halikwaruzi kioo cha dirisha. Uhodari wake uko kwenye nafasi tupu. Kila atomi ya silikoni imeshikana na oksijeni nne, na oksijeni hizo huunganisha jirani na jirani mpaka panatokea vyumba na vichochoro. Hapa na pale alumini hukalia kiti cha silikoni. Silikoni huja na chaji chanya nne, alumini tatu tu. Kwa hiyo jengo zima hubaki na deni. Wanaolilipa ni potasiamu, sodiamu na kalsiamu, wanaokaa vyumbani pamoja na maji. Hao ni wapangaji, si kuta: akija mwingine anayependwa zaidi, huhama.

Ndiyo maana zeoliti ya kiwandani hutiwa katika baadhi ya sabuni za unga: huinyakua kalsiamu inayozuia povu, na kuachia sodiamu. Maji nayo hutoka kwa joto na kurudi jiwe likipoa, mradi usilichome hadi kuta ziporomoke.

Ila tusiusifu ukoo wote. Erioniti, ndugu yao mwenye nyuzi kama sindano, imesababisha saratani ya utando wa mapafu katika vijiji vya Kapadokia, Uturuki, ambako watu waliivuta na vumbi la mawe. Ukiuziwa unga wa "zeoliti", uliza kwanza ni zeoliti ipi.