Hesabu Kwanza, Jina Baadaye

Jirani yangu mmoja, askari polisi, alirejea kutoka likizo ya Mombasa akamletea mwanawe kitu kikavu kilichojikunja, chenye urefu wa kidole gumba. Mtoto alitakiwa kukieleza mbele ya darasa asubuhi ya pili. Jioni ile pale kambini palikuwa na ubishi. Mama yake alisema ni jongoo wa baharini. Mzee mmoja aliapa kuwa ni mtoto wa kasa. Nami nilipoulizwa, kwa kuwa nina cheti cha ualimu, nikajibu kwa haraka: "Huyo ni mdudu."

Baba mtoto akacheka. "Mwalimu," akasema, "kituoni hatupokei maelezo ya namna hiyo. Mwanangu, lete kalamu. Andika ulichokiona, si unachokidhani."

Mtoto akahesabu. Mgongoni palikuwa na vigae vinane vigumu, vilivyopandana kama vigae vya paa. Kuvizunguka kulikuwa na mshipi wa nyama iliyokauka, wenye miiba mifupi. Chini hapakuwa na mguu hata mmoja wa kutembelea kama wa mdudu, bali ukanda mmoja mpana. Kwa hiyo jongoo akaondoka, kwani ana miguu mingi. Kasa naye akaondoka, kwani gamba lake halikunjiki. Na jibu langu likaondoka pamoja nao.

Nilikwenda kufungua vitabu vyangu. Mnyama huyo huitwa kitoni, naye ni moluska, ndugu wa konokono na chaza. Ukanda ule ndio mguu wake, wa misuli mitupu, ambao humshikilia mwambani mawimbi yapigapo. Akibanduliwa, hujikunja kama mpira ili kuficha upande wake laini, na vigae vilivyogawanyika ndivyo vinavyomwezesha kufanya hivyo. Kichwani hana macho. Ulimi wake una safu za meno ya kukwangulia mwani mwambani, na mwaka 1962 ilitangazwa kuwa meno hayo yamevikwa magnetiti, madini ya chuma yavutwayo na sumaku. Katika pwani ya Afrika Mashariki yuko mmoja aitwaye kwa jina la kitaalamu Acanthopleura gemmata. Mchana hutulia katika nyufa za miamba. Usiku, maji yakipwa, hutoka kutafuta chakula.

Tusidhani kwamba makosa haya ni ya watu wasio na elimu. Mwaka 1758 mtaalamu mkuu wa Sweden, Carl Linnaeus, alimweka kitoni katika fungu moja na vile viumbe vyenye magamba vinavyojibandika chini ya vyombo vya baharini, kwa sababu wote wana magamba mengi. Baadaye ikajulikana kuwa viumbe hivyo ni ndugu wa kaa na kamba, wala si wa kitoni. Magamba yalifanana, lakini miili ya ndani haikufanana.

Tena, vigae vinane havionekani daima. Kaskazini mwa Bahari ya Pasifiki yuko kitoni mkubwa kuliko wote, Cryptochiton stelleri, ambaye huweza kuzidi sentimita 30. Mshipi wake umefunika vigae vyote, hata mtu aweza kusema hana gamba. Akifa, vigae hutawanyika ufukweni, kila kimoja kikifanana na kipepeo. Atakayeokota kimoja na kukiita gamba zima, atakuwa amekosea.

Mtoto alikwenda shuleni na karatasi yenye mistari mitano: vigae vinane, mshipi wenye miiba, ukanda mmoja chini, hakuna miguu ya mdudu, kimejikunja. Jina aliliandika mwisho kabisa.

Wazazi, mtoto akiwaletea kitu msichokijua, msione haya kukaa kimya kidogo. Mpeni kalamu, ahesabu. Mimi nilifundishwa hivyo chuoni, lakini ilibidi nikumbushwe na askari.