Kabla Mtoto Hajaingia Thieta

Mzazi wa Siongiroi anayeambiwa kwamba mtoto wake ana tundu kwenye moyo hukabidhiwa kwanza orodha ya mambo ya mwili. Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kirudiwe. Damu ipimwe. Meno yakaguliwe, maana vijidudu vya jino bovu huweza kuingia kwenye damu vikafika moyoni. Malipo ya bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, yawe sawa. Kila jambo hapo lina mtu wa kulisimamia. Hofu ya mama, ukimya wa baba na maswali ya mtoto mwenyewe havina karatasi wala dirisha la kujiandikisha, kwa hiyo familia nyingi hufika hospitalini navyo vikiwa vilevile vilivyotoka nyumbani.

Siongiroi iko Chepalungu, kaunti ya Bomet, na watu wa huko wana bahati ambayo wengi Afrika Mashariki hawana: upasuaji wa moyo unafanyika ndani ya kaunti yao. Hospitali ya Tenwek, karibu na mji wa Bomet, ilianza kama zahanati ya wamishonari mwaka 1937, ikampata daktari wake wa kwanza wa kudumu, Ernest Steury, mwaka 1959, na mwaka 2025 ikazindua jengo jipya la upasuaji wa moyo na kifua. Lakini ukaribu haupunguzi hofu. Wakati mwingine huiongeza, kwa kuwa kila boma linamjua mtu aliyepelekwa huko, akarudi au asirudi, na habari za asiyerudi husafiri haraka zaidi.

Katika upasuaji wa moyo ulio wazi, moyo husimamishwa kwa muda na mashine ikashika kazi ya moyo na mapafu. Daktari John Gibbon wa Philadelphia ndiye aliyeitumia mashine hiyo kwa mafanikio mara ya kwanza, Mei 1953, na tangu hapo imekuwa kazi ya kila siku katika hospitali nyingi duniani. Hata hivyo maneno hayo mawili, "moyo husimamishwa", humkata mzazi miguu. Heri ayasikie ofisini kwa daktari, ameketi, akiwa na nafasi ya kuuliza, kuliko kuyasikia usiku wodini kutoka kwa mwenzake wa kitanda cha pili. Mwulize daktari mpasuaji wazi: katika watoto kumi au mia wenye hali kama ya huyu wangu, wangapi hupona, wangapi hupata matatizo? Hilo si swali la utovu wa imani. Fomu ya idhini utakayotia sahihi inahusu jambo hilohilo.

Kabla ya swali la pesa huja swali la nani alikosea. Mama hukumbuka kila alichokula na kila gunia alilobeba akiwa mjamzito. Upande wa baba huuliza kimyakimya kama ugonjwa huu uko kwao mama. Kuna kogo, yaani bibi, atakayesema kwamba jina la ukoo lilikosewa siku ya kurenet, sherehe ya kumpa mtoto jina, na kuna jirani atakayetaja laana. Ukweli wa kitabibu ni huu: watoto wapatao wanane katika kila elfu moja huzaliwa na kasoro ya moyo, Bomet, London na kwingineko. Wachache kati yao tunaweza kuonyesha sababu, kama rubela wakati wa ujauzito, kisukari kisichodhibitiwa au hali kama Down. Kwa wengi hakuna anayeweza kunyoosha kidole popote. Moyo huumbika katika wiki chache za mwanzo, mara nyingi kabla mama hajajua kwamba ana mimba.

Watoto wa shule wanaohitaji upasuaji wa moyo hali yao ni nyingine kidogo. Wengi wao wana ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi: koo liliuma, vijidudu vya streptokoka havikutibiwa, kinga ya mwili ikageuka kuzishambulia vali za moyo. Hapa mzazi hujilaumu kwa sauti: ningempeleka zahanati mapema. Huenda angempeleka, huenda koo halikuonyesha dalili za kutisha. Kuna watoto ambao wazazi wao hawakumbuki koo lolote. Lawama hiyo ina kazi moja tu ya maana, nayo ni kuwatazama wadogo zake wanapolalamika koo, na kuhakikisha mgonjwa mwenyewe anapata sindano yake ya penisilini kila wiki tatu au nne hata baada ya upasuaji. Zaidi ya hapo, iachwe.

Kisha huja harambee. Naiheshimu harambee, imewalipia watoto wengi safari na gharama ambazo bima haikufikia. Lakini nina ugomvi nayo kwa jambo moja. Mtoto wa miaka mitano huketishwa mbele, kwenye kiti cha plastiki, kipaza sauti kikitangaza kwamba asipopasuliwa mwezi huu hatafika Krismasi. Watu hutoa, ndiyo. Naye husikia. Wengi hudhani mtoto wa umri huo haelewi, kumbe anaelewa vipande, na vipande hutisha kuliko habari nzima. Mwacheni nyumbani siku hiyo, au acheze na wenzake nyuma ya kanisa. Picha yake itatosha.

Kosa la kawaida kuliko yote ni uongo wa safari. "Tunaenda kumsalimia kogo." Mtoto huvalishwa nguo za Jumapili, hupanda matatu akichekelea, na mwisho wa njia ni sindano. Mzazi amejiokoa na kilio cha saa moja asubuhi, lakini atalipa siku zote zitakazofuata, kwa sababu tangu hapo kila "usiogope" atakayosema ni neno la mtu aliyeshadanganya.

Mtoto aambiweje, basi? Aliye chini ya miaka mitatu hahitaji hotuba. Anachoogopa ni kuachwa. Mwaka 1952 James Robertson alitengeneza filamu Uingereza kuhusu msichana wa miaka miwili aliyelazwa hospitali bila mamake. Madaktari wengi waliipinga, lakini ilisaidia kubadilisha sheria za wodi zilizowafungia wazazi nje. Kwa mtoto wa umri huo maandalizi ni leso ya mama yenye harufu ya mama, wimbo uleule wa kulala, na mtu mmoja anayemjua asiyebanduka.

Mwenye miaka mitatu hadi mitano aambiwe siku mbili tatu kabla, wa shule wiki moja au zaidi, na wote kwa lugha ya nyumbani. Kama ni Kipsigis, iwe Kipsigis, hata kama daktari atazungumza Kiswahili au Kiingereza. Sentensi fupi zinatosha: moyo wako una tundu dogo, ndiyo maana unachoka unapokimbia, daktari atalirekebisha, utapewa dawa ya usingizi usisikie chochote, ukiamka kifua kitauma, na kuna dawa ya maumivu, mimi nitakuwa pale. Neno "kulala" liangaliwe sana. Mtoto aliyehudhuria mazishi amesikia kwamba babu "amelala". Mweleze kwamba usingizi huu ni wa dawa, kwamba kuna daktari ambaye kazi yake yote ni kukaa kando yake, na kwamba dawa ikizimwa ataamka. Neno "kukata" nalo humpeleka moja kwa moja kwenye mbuzi wa Krismasi. Mtoto wa matambara, kipande cha bendeji na kijiko cha kujifanya kipimo cha daktari vitamfundisha zaidi ya maelezo yetu. Mwache ampasue mwanasesere wake mara kumi akitaka.

Watoto wadogo huamini kwamba mambo hutokea kwa sababu yao: nimeugua kwa kuwa nilimwaga maziwa, nilimpiga mdogo wangu. Hata asipouliza, mwambie kwamba hakukosea kitu. Na watoto waliolelewa Sunday school wana swali jingine ambalo watu wazima hawalitarajii. Wamefundishwa kwamba Yesu anakaa moyoni mwao. Je, daktari akiufungua atatoka? Usicheke. Kwake hilo ndilo swali kubwa kuliko yote, na mchungaji anayejua kazi yake atapiga magoti awe sawa na macho ya mtoto amjibu: Yesu hatoki, na siku hiyo yuko pia na daktari.

Hapo tunafika kwenye imani ya watu wazima, ambayo katika nyanda hizi ndiyo nguzo ya kwanza ya familia na, mara chache, kikwazo chake. Nimesikia mahubiri yanayodai kwamba kumpeleka mtoto thieta ni kumtilia Mungu mashaka. Tenwek, hospitali ya kanisa la Africa Gospel, ina kaulimbiu kwamba wao hutibu na Yesu huponya. Hawakuona ugomvi kati ya hayo mawili, nami siuoni. Mzazi aliyeambiwa "mtoto amepona, kiri tu" asitupe tarehe yake ya upasuaji. Kama amepona, kipimo cha eko kitasema hivyo, nacho hufanywa bila kumkata mtu.

Hatari iliyofichika zaidi ni maombi yasiyoruhusu hofu. Mama akilia kwenye maombi huambiwa asilie, kilio ni mashaka. Kwa hiyo hujikaza, hutabasamu, hunukuu mistari, na usiku wa kuamkia upasuaji hana mtu wa kumwambia kwamba anaogopa mwanawe kufa. Biblia wanayosoma haikuwakataza. Zaburi nyingi ni malalamiko, na bustanini Gethsemane Yesu mwenyewe aliomba kikombe kimwepuke. Mwombaji anayesema "Bwana, naogopa, nataka aishi" amejiandaa kuliko anayekiri ushindi huku mikono inatetemeka. Kuhusu kufunga, nina ombi: mama anayenyonyesha, au atakayekesha wodini, aachiwe chakula chake. Wajomba wafunge. Wana nguvu na wako nyumbani.

Mtoto naye atafunga kwa amri ya daktari, na hapa nia njema ya bibi huweza kuharibu kazi. Kwa kawaida chakula na maziwa ya ng'ombe, mursik (maziwa ya kugandishwa) ikiwemo, husimama saa sita kabla ya dawa ya usingizi. Maziwa ya mama saa nne. Maji saa mbili au chini yake. Hospitali itatoa saa zake, nazo ndizo za kufuata. Kikombe kimoja cha siri "apate nguvu" huweza kuingia mapafuni akiwa usingizini, au kuahirisha upasuaji uliongojewa miezi.

Baada ya hapo mzazi ajiandae kwa kile atakachokiona ICU, wodi ya wagonjwa mahututi: mirija kifuani, mashine ya kupumua, uso uliovimba, mtoto asiyeweza kutoa sauti. Omba muuguzi akueleze kila mrija kabla hujaingia. Gusa mkono wake, sema jina lake. Nyumbani, mtoto aliyeacha kukojoa kitandani anaweza kuanza tena, akang'ang'ania mama, akaota ndoto mbaya. Kwa kawaida mambo hayo hupungua kadiri wiki zinavyopita. Mfupa wa kifua huchukua wiki sita hadi nane kuunga, kwa hiyo ainuliwe kwa kushikwa makalio na mgongo, asivutwe kwa makwapa, hata na mjomba aliyekuja na furaha yake.

Mchungaji na wazee wa kanisa mnaosoma haya: mkishamwombea mtoto na kumruhusu mamake alie, tafuteni watu wazima wenye afya, wenye uzito wa kilo 50 na zaidi, mwende nao hospitalini kutoa damu. Nendeni wiki moja kabla, msisubiri siku ya upasuaji. Damu inahitaji muda wa kupimwa, na ikishapimwa hukaa kwenye jokofu siku 35 au zaidi.