Je, Wajua? Bosi Naye Hukata Bima ya Kushtakiwa na Wafanyakazi

Je, wajua kuwa Marekani mwajiri anaweza kukata bima ya siku atakayoshtakiwa na mfanyakazi wake? Si ile ya kuumia kazini. Hii ni ya madai ya ubaguzi, unyanyasaji wa kingono na kufukuzwa kazi kinyume cha sheria.

Je, wajua kilichoipa biashara hii nguvu? Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ilikataza ubaguzi kazini, lakini aliyeshinda kesi aliambulia mshahara aliopoteza na pengine kurudishwa kazini. Oktoba 1991, Anita Hill aliwaeleza maseneta, runinga zikirusha moja kwa moja, kwamba Clarence Thomas alimnyanyasa alipokuwa bosi wake. Thomas alikana, akaidhinishwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Mwezi uliofuata ikasainiwa sheria iliyoruhusu fidia ya maumivu ya moyo na ya kumwadhibu mwajiri: hadi dola 50,000 kwa kampuni ya watu 15 hadi 100, na 300,000 kwa yenye zaidi ya 500. Viwango hivyo havijapanda hadi leo.

Je, wajua kuwa wakili hula humo humo? Katika mikataba mingi, bima ikiwa ya dola milioni 1 na mawakili wakachukua 300,000, fidia imebakiziwa 700,000.

Je, wajua kuwa ubishi wa bosi una bei? Tuseme mlalamikaji amekubali dola 60,000 yaishe, bosi akagoma, akaenda mahakamani akabwagwa kwa 150,000. Mikataba mingine humwachia alipe mwenyewe zile 90,000 za juu, au sehemu yake. Mimi naona ni haki.

Je, wajua kuwa kinachohesabiwa ni siku dai lilipofika, si siku ya kosa? Barua ya wakili ikifika Desemba, bosi akaitia drooni mpaka bima ikaisha Januari, kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa hata senti. Kipengele hiki ndicho cha kusoma kwanza.

Ovataimu isiyolipwa? Kwa kawaida haimo. Fidia ya adhabu? California na New York haziruhusu bima iilipe.

Je, wajua lalamiko linaloongoza katika tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usawa kazini? Kulipiziwa kisasi: mtu amelalamika, wiki inayofuata anapunguziwa zamu.

Je, wajua kuwa fomu ya kuomba bima hii huuliza kama kampuni ina sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji? Kenya haikungoja bima: Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6, inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na taarifa ya sera dhidi ya unyanyasaji wa kingono, na kila mfanyakazi aijue. Kama uko Kenya, kesho mwombe meneja wako akuonyeshe ya kwenu.