Je, Wajua? Vita Vilivyochelewa Kwisha kwa Siku 14

Je, wajua kwamba Vita vya Kwanza vya Dunia vilichelewa kwisha huku kwetu Afrika Mashariki kwa wiki mbili? Ulaya bunduki zilinyamaza Novemba 11, 1918. Jenerali Mjerumani Paul von Lettow-Vorbeck hakuwa na habari. Novemba 13 kikosi chake kiliingia Kasama, katika Zambia ya leo, na habari za kusitishwa kwa mapigano zilimfikia kutoka kwa Waingereza aliokuwa akipigana nao. Aliweka silaha chini Novemba 25 huko Abercorn, mji unaoitwa Mbala sasa, akiwa na Wazungu wachache, maaskari Waafrika zaidi ya 1,100 na msururu wa wapagazi.

Wengi hukisimulia kisa hiki kama kioja cha habari zilizochelewa. Mimi naona uzito wake uko kwingine: wiki mbili hizo ziligeuzwa silaha ya siasa huko Ujerumani.

Je, wajua ni nani hasa walioomba vita visimame? Ni majenerali wa Ujerumani wenyewe. Mwishoni mwa Septemba 1918, Ludendorff na Hindenburg waliiambia serikali yao kwamba mapigano lazima yasitishwe. Lakini aliyetumwa kutia saini alikuwa raia, mwanasiasa Matthias Erzberger. Mwaka mmoja baadaye Hindenburg alisimama mbele ya kamati ya bunge akadai kuwa jeshi lilichomwa kisu mgongoni na watu wa nyumbani. Agosti 1921 Erzberger aliuawa kwa risasi na watu wa mrengo mkali wa utaifa. Hitler naye akawaita waliokubali amani wahalifu wa Novemba.

Hivyo ndivyo siasa za utaifa wa mabavu zinavyokuona kusitisha vita. Taifa linasemwa kuwa haliwezi kushindwa. Basi likiacha kupigana, lazima atafutwe msaliti. Na uongo huo ulihitaji shujaa, akapatikana kutoka Afrika Mashariki. Machi 1919 Lettow-Vorbeck alipita Lango la Brandenburg, Berlin, kwa shangwe, kama kamanda ambaye hakuwahi kushindwa. Machi 1920 aliunga mkono jaribio la mapinduzi la Kapp dhidi ya serikali iliyochaguliwa, akaondolewa jeshini.

Hitler hakusahau kusitishwa kwa vita vile. Juni 1940, Ufaransa iliposalimu amri, aliagiza behewa la treni ambamo saini ya 1918 ilitiwa litolewe kwenye jumba la makumbusho na kurudishwa mahali pake pa zamani katika msitu wa Compiègne, ili Wafaransa watie saini humohumo.

Sasa njoo Kariakoo, Dar es Salaam, uone upande wa wapagazi. Kabla ya vita Wajerumani walikuwa wamejenga soko hapa. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916, waliligeuza eneo hili kuwa kambi ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, na jina la kikosi hicho ndilo lililobaki mitaani. Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 90,000, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa. Wa upande wa Wajerumani hawana hesabu kamili; walikamatwa vijijini, wakabebeshwa mizigo, na chakula cha kuwalisha wapiganaji kilinyang'anywa wakulima. Kila siku ambayo Berlin iliihesabu kuwa ya ushujaa ililipwa kwa mabega ya watu hawa. Kwao hakukuwa na aibu yoyote katika kusitisha mapigano. Kulikuwa na kurudi nyumbani, kwa wale ambao mafua makali ya mwaka huo hayakuwamaliza njiani.

Kutoka sokoni si mbali kufika Sanamu la Askari, katikati ya jiji, lililozinduliwa 1927. Mahali hapo palikuwa na sanamu ya gavana Mjerumani Hermann von Wissmann. Hiyo ilihamishiwa Hamburg, ikasimamishwa tena 1922, hadi wanafunzi walipoiangusha 1968. Maandishi ya sanamu yetu yanawataja wapagazi pia, ingawa aliyesimama juu ni mwanajeshi na bunduki yake.

Mwaka 1964, aliofariki Lettow-Vorbeck, bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha maaskari wake wa zamani waliokuwa bado hai walipwe. Mishahara ya wapagazi wengi waliofia upande wa Waingereza haikupata wa kuidai, ikabaki mikononi mwa serikali ya London.