Mwizi wa jana, mshtakiwa wa leo

Tuseme kijana amefikishwa mbele ya hakimu kwa shtaka la kuvunja duka usiku. Sokoni kila mtu anajua aliwahi kufungwa kwa kosa kama hilo. Askari aliyemkamata anajua, mwenye duka anajua, na huenda hata karani wa mahakama anaikumbuka sura yake. Lakini kesi ikianza kusikizwa, hakuna anayeruhusiwa kuligusia jambo hilo.

Wengi hukasirika wakisikia hivyo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya, hata hivyo, hakiyumbi: hatia ya zamani, au hata shtaka la zamani, kwa kawaida haikubaliwi kuwa ushahidi dhidi ya mshtakiwa. Upande wa mashtaka lazima uthibitishe kwamba duka hili, usiku huu, lilivunjwa na huyu. Bila kizuizi hicho, mpelelezi mvivu angekamata wale wale anaowajua, kisha aachie faili zao zimalizie kesi.

Kifungu hicho hicho kina milango. Mmoja ni pale makosa mengine yanapohusu moja kwa moja jambo linalobishaniwa. Mfano maarufu ni kesi ya Makin, iliyoanzia Sydney na kuchapishwa katika ripoti za sheria mwaka 1894. Mume na mke walipokea watoto wachanga kwa malipo madogo, wakiahidi kuwalea. Mwili wa mtoto mmoja ulipopatikana umezikwa uani, mtu angeweza kudai alikufa kwa maradhi. Kumbe miili mingine ilifukuliwa katika nyua za nyumba walizowahi kuishi! Ushahidi huo ulikubaliwa, si kwa kuwa ulionyesha ubaya wao, bali kwa kuwa ulivunja dai hilo la maradhi. Tofauti hiyo ni nyembamba, na mawakili wanaigombania mpaka leo.

Milango mingine hufunguliwa na mshtakiwa mwenyewe, na hapo ndipo ninapomhurumia. Akijisifu kuwa hajawahi kugusa cha mtu, rekodi yake inaweza kuletwa. Akimchafulia shahidi jina, vivyo hivyo. Akitoa ushahidi dhidi ya mshtakiwa mwenzake, pia. Wakili mzoefu hupima kila swali kabla halijamtoka. Asiye na wakili humgeukia mlalamishi kwa hasira: “Wewe ndiye unayenunua mali ya wizi!” Pengine ni kweli tupu. Lakini kwa sentensi hiyo moja huenda amejifukulia kifungo chake cha zamani.

Uingereza, tulikorithi sehemu kubwa ya kanuni hizi, ililegeza kamba kwa sheria ya mwaka 2003, na sasa hatia za nyuma zinaweza kutumika kuonyesha mwelekeo wa mtu. Hata huko, Mahakama ya Rufaa ilionya mwaka 2005, katika kesi ya Hanson, kwamba rekodi isitumiwe kuegemeza kesi dhaifu.

Mshtakiwa akishapatikana na hatia, mambo hugeuka: sasa hakimu mwenyewe ndiye anayeuliza rekodi, ili apime adhabu.

Kwa hiyo, ukishtakiwa, usianze kuwahoji mashahidi kabla hujapata ushauri. Katiba ya Kenya, ibara ya 50, inampa mshtakiwa haki ya kupewa wakili na serikali pale ambapo kumkosa kungeleta dhuluma kubwa. Iombe haki hiyo mapema, siku ya kwanza unaposomewa mashtaka.