Fremu Kumi na Tatu kwa Siku

Kanda aliileta mjomba kutoka Maskati, kaiviringisha ndani ya kanzu isije ikavunjika. Ubavuni ilikuwa na neno moja tu la kalamu: Sindbad. Sisi watoto wa Bagamoyo Sindbad tulimjua kwa hadithi za bibi, ila bibi hakuwahi kutuambia habari za ile mifupa. Mchawi anatoa amri, mifupa mitupu ya mtu inashika upanga na kumkabili baharia. Dada yangu alikimbilia uani. Mimi nilibaki nikamuuliza mjomba ni nani aliyevaa ile mifupa. "Hakuna mtu ndani, baba," alinijibu. "Mtu yuko nje."

Mtu huyo wa nje, nilikuja kumjua baadaye sana, ni Ray Harryhausen, fundi aliyeisogeza ile mifupa, na filamu ile ni ya mwaka 1958. Leo ninakula kwa kazi inayokaribiana na yake: nahariri video za harusi Kariakoo, na zikipatikana, natengeneza katuni za matangazo. Kwa hiyo nikimsifu mzee huyu, nasifu kwa wivu.

Alizaliwa Los Angeles, Marekani, mwaka 1920. Akiwa na miaka 13 alipelekwa sinema kumtazama sokwe mkubwa King Kong, akatoka na swali lilelile nililomuuliza mjomba. Alipopata jibu hakulala. Dubu wake wa kwanza alimvika manyoya ya koti kuukuu la mama yake. Kisha akamtafuta Willis O'Brien, fundi aliyemtembeza King Kong mwenyewe, akampelekea vinyago vyake. O'Brien alimwambia miguu ya mjusi wake imekaa kama soseji, akasome kwanza misuli inavyofanya kazi. Wengine wangenuna. Yeye alikwenda kusoma, na baada ya Vita Kuu ya Pili O'Brien akamchukua kuwa msaidizi wake katika filamu nyingine ya sokwe iliyotoka mwaka 1949.

Kazi yenyewe ukielezwa utaiona ya kitoto. Filamu ni picha zilizoganda, 24 kwa kila sekunde, nasi tunaziita fremu. Unachukua kikaragosi mwenye mifupa ya chuma na viungo vinavyokaza, unamsogeza mkono kidogo sana, unapiga fremu moja. Unamsogeza tena. Ugumu unaanza unapotaka kikaragosi huyo mdogo apigane na mwigizaji wa kweli. Harryhausen alimpiga picha mwigizaji kwanza akipunga upanga hewani peke yake. Picha hiyo aliirusha kutoka nyuma kwenye kiwambo kidogo, fremu moja moja, akamweka kikaragosi mezani mbele ya kiwambo. Mbele ya kamera alisimamisha kioo chenye rangi nyeusi sehemu ya chini, ili ardhi ya mbele isishike kwenye filamu. Akimaliza, anarudisha filamu mwanzo, anaziba palipokuwa wazi na kufungua palipozibwa, anapiga upya. Zimwi linatokea katikati, limezungukwa na dunia ya kweli mbele na nyuma, kama nyama ndani ya sambusa.

Filamu yake ya mwaka 1963 kuhusu Jason, shujaa wa hadithi za Kigiriki, ndiyo mtihani wenyewe. Watu watatu wanapigana na viunzi saba vya mifupa. Kila kiunzi kina kichwa, mikono miwili na miguu miwili ya kusogezwa, kwa hiyo ni miondoko 35 kwa fremu moja, na kila upanga lazima ukutane na upanga wa mtu aliyeko kwenye kiwambo. Kuna siku alitoka chumbani na fremu 13. Hiyo ni nusu sekunde, umepepesa jicho imepita. Pambano lote la dakika chache lilimla miezi minne na nusu, na wa kusogeza alikuwa yeye peke yake.

Nimejaribu. Nilimtengeneza mzee muuza kahawa wa waya na sponji, ainue buli na kumimina, kwa ajili ya tangazo. Siku ya tatu umeme ukakatika. Uliporudi, mwanga wa dirishani ulikuwa umeshahama na kivuli cha buli kimeruka upande wa pili. Halafu mtoto wa jirani akagonga meza. Mteja, ambaye simtaji, alisema mzee wangu anatetemeka kama ana homa, akakata nusu ya malipo.

Kwa hiyo namwelewa Harryhausen hata alipopunguza. Katika filamu ya mwaka 1955 alitakiwa kutengeneza pweza mkubwa wa kuvunja daraja la San Francisco. Bajeti ilikuwa finyu, na kila mnyiri ni siku za kazi. Akampa pweza sita badala ya minane. Muuza pweza wa soko la Feri angemkataa palepale, lakini watazamaji walikuwa na kazi ya kuogopa, hawakuhesabu.

Karakana yake ilikuwa ya kifamilia. Baba yake, fundi wa mashine, alimchongea viungo vya chuma. Mama alishona nguo za vikaragosi. Mwaka 1960 alihamia London, na filamu yake kubwa ya mwisho ilitoka mwaka 1981. Tuzo ya heshima ya Oscar ilimfikia mwaka 1992, na Tom Hanks aliyemkabidhi alisema kwake filamu bora kuliko zote ni ile ya Jason. Alifariki London mwaka 2013 akiwa na miaka 92.

Jambo moja limenishika zaidi kwa sababu ya kwetu. Mkewe, Diana, alikuwa wa ukoo wa David Livingstone, yuleyule ambaye watumishi wake Susi na Chuma waliubeba mwili wake mpaka Bagamoyo mwaka 1874. Uzeeni Harryhausen alibuni sanamu ya shaba kwa ajili ya Blantyre, Uskoti, alikozaliwa Livingstone: simba amemvamia mmisionari huyo. Nilipoiona picha yake kwenye simu nilitulia naitazama kwa muda, nasubiri fremu ya pili.