Data za Uwandani ni Mali ya Nani? Mielekeo ya Wanaisimu wa Kiswahili Kuhusu Kushirikishana Data

1.0 Utangulizi
Mwanaisimu anayedai kwamba umbo fulani la Kimakunduchi linatoweka hutoa mifano michache katika makala yake. Kanda alizorekodi na daftari za unukuzi hubaki kabatini kwake. Msomaji hana njia ya kuihakiki hoja ila kumwamini mwandishi. Makala haya yanajadili kwa nini wataalamu husita kushirikishana data, na yanadai kuwa kiini cha tatizo ni utaratibu wa kazi zetu zaidi kuliko uchoyo.

2.0 Sababu za Kusita
Kwanza, kuna hofu ya kutanguliwa: aliyekaa kijijini miezi kadhaa hapendi mwingine avune asichopanda. Pili, upandishaji vyeo huegemea makala na vitabu. Mkusanyo wa matini ulionukuliwa kwa uangalifu aghalabu hauhesabiwi. Tatu, unukuzi wa awali huwa na makosa ambayo mtafiti asingependa yaonekane. Nne, na hii ndiyo sababu nzito zaidi, ni ahadi kwa wasailiwa. Mzee aliyesimulia ugomvi wa shamba la ukoo alimsimulia mgeni wake, si ulimwengu mzima. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeupa wajibu huu uzito wa kisheria.

3.0 Kushirikishana si Kuanika
Hata hivyo, zipo njia za kati. Orodha ya miswada na kanda za Kiswahili na Kiarabu zilizomo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoandaliwa na J.W.T. Allen, ilichapishwa Leiden mwaka 1970. Orodha peke yake ilitosha kuwajulisha watafiti kilichopo na mahali kilipo. Aidha, mkusanyo wa matini za Kiswahili wa Helsinki, ambao toleo lake la pili lina takriban maneno milioni 25, hutolewa kwa masharti ya leseni.

4.0 Hitimisho
Tunapendekeza kwamba data zihifadhiwe maktabani kwa masharti: zifungwe kwa miaka kadhaa, majina ya wasailiwa yafichwe, mkusanyaji atajwe kila zinapotumiwa, na kazi hiyo ihesabiwe katika kupandishwa cheo. Kanda isiyo na maelezo ya msemaji, mahali na tarehe huwa bubu mara mtafiti anapofariki, na wazee waliorekodiwa hawatarudi kusailiwa upya. Data iliyofichwa hadi hapo haikulindwa, imepotea.